Na hii kiu nayo ni malaria?

Naishi Mpemba, pale barabara ya Isongole inapochepuka kutoka barabara kuu, kabla hujafika Tunduma ukitokea Vwawa. Kwa hiyo wiki iliyopita swali la tatu la ligi yetu lilipouliza ni Mtanzania gani ambaye jina lake limeingia kwenye vitabu vya fizikia kwa sababu ya maji ya moto na barafu, mpinzani wangu alidhani amenipa zawadi. Aliliwekea pointi sifuri, yaani alijua nitalipata.

Ngoja nikueleze ligi yenyewe. Ni kundi la WhatsApp la watu waliosoma pamoja, wakaongezeka waume, wake na majirani. Maswali sita kila siku ya kazi, yanatumwa asubuhi, majibu yanafungwa saa nne usiku. Kanuni tuliiga ligi moja ya mtandaoni ya Marekani, LearnedLeague, iliyoanza mwaka 1997. Mnapangwa wawili wawili kama timu za mpira. Kila mmoja anayapanga maswali sita ya mwenzake: moja lina pointi tatu, mawili pointi mbilimbili, mawili pointi mojamoja, na moja sifuri. Lile unaloamini mwenzako hatalipata unaliwekea tatu. Na sheria kubwa kuliko zote: hakuna kuchungulia. Huruhusiwi kutafuta kwenye simu, kufungua kitabu wala kumuuliza mtoto wako wa kidato cha nne. Hakuna anayekulinda, ni wewe na dhamira yako.

Jibu lilikuwa Erasto Mpemba. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Lushoto, alikuwa akitengeneza aiskrimu na wenzake. Yeye aliweka mchanganyiko wake kwenye friji ukiwa bado wa moto, akashangaa umeganda kabla ya ule wa mwenzake ambao haukuchemshwa. Aliuliza, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye, akiwa sekondari ya Mkwawa, Iringa, alimuuliza mhadhiri wa fizikia kutoka Dar es Salaam, Denis Osborne, aliyekuja kuzungumza na wanafunzi. Wenzake walimcheka. Osborne hakucheka, alikwenda kujaribu, na mwaka 1969 wakaandika makala pamoja. Wanasayansi wanabishana mpaka leo kuhusu jambo hilo, lakini jina limebaki.

Mpinzani wangu alikosea kidogo tu: mimi nilijua jibu kwa sababu ya fizikia ya shule, si kwa sababu ya kuishi Mpemba. Pointi ni sifuri vilevile.

Utaniuliza, daktari, safu hii ni ya afya, chemsha bongo imeingiaje? Imeingia kwa sababu kila mwezi nakutana na mzazi anayeniambia, "Dokta, nilijua kuna kitu hakiko sawa, lakini walishasema ni malaria." Na mimi nimewahi kuwa upande wa pili wa sentensi hiyo.

Kwanza nikuonyeshe jinsi swali linavyofikiriwa, maana hapo ndipo kuna faida kwako. Siku ya Alhamisi tuliulizwa hivi: "Dawa ipi inayodungwa mwilini imepewa jina kutokana na neno la Kilatini lenye maana ya kisiwa?" Mimi ni daktari, kwangu ilikuwa rahisi. Mpinzani wangu siku hiyo alikuwa mwalimu wa jiografia, mume wa rafiki yangu, yuko Njombe. Nikamwekea pointi tatu bila kusita. Mtu wa ramani ataijulia wapi dawa?

Akaipata. Usiku alinieleza alivyofika. Kilatini hajui. Lakini swali limesema kisiwa, na kisiwa ni mambo yake. Akajiuliza ni neno gani la darasani linalokaribiana na kisiwa, likamjia lile la Kiingereza la rasi kubwa, peninsula, ambalo alishawahi kuwaeleza wanafunzi kwamba maana yake ni "karibu kisiwa". Akatoa kile kipande cha mwanzo, akabaki na "insula". Hapo akataja dawa za sindano anazozijua: penisilini, kwinini, insulini. Ya tatu ikaingia kwenye tundu lake. Hata hivyo hakuandika jibu papo hapo. Alijiuliza kwanza, kisiwa kipo wapi mwilini? Hakujua, lakini alikumbuka kuwa insulini inahusu kisukari na kisukari kinahusu kongosho. Akaona hakuna kinachopingana, akatuma.

Visiwa vipo kweli. Ndani ya kongosho kuna vifungu vidogo vya chembe vilivyotawanyika kama visiwa ziwani, alivionyesha mwanafunzi wa udaktari wa Kijerumani, Paul Langerhans, mwaka 1869. Vifungu hivyo ndivyo vinavyotengeneza insulini. Mwaka 1921 kule Toronto, Frederick Banting na Charles Best walifanikiwa kuitoa kwenye kongosho la wanyama, na Januari 1922 mvulana wa miaka 14 aliyekuwa anakufa kwa kisukari akadungwa kwa mara ya kwanza. Kabla ya hapo, mtoto mwenye kisukari cha aina hiyo alikuwa anakonda mpaka anakwisha.

Angalia alichofanya mwalimu. Hakuna neno kwenye swali aliloliacha. "Inayodungwa" ililitumikia jibu, "kisiwa" ikalitumikia, "dawa" ikalitumikia. Wachezaji wabovu, na mimi nikiwemo siku nikiwa na haraka, husoma nusu ya swali, jibu likawajia, wakaacha kusoma. Neno moja likibaki halina kazi, kuna uwezekano mkubwa jibu ni lingine, au ni jibu lakini si lote.

Sasa nikupeleke kwenye wodi moja, miaka karibu ishirini iliyopita, mkoa mwingine. Nilikuwa daktari mchanga kwenye mafunzo kazini. Mama mmoja alimleta binti yake wa miaka tisa jioni. Homa siku tatu, anatapika, tumbo linauma, amelegea, anapumua haraka. Mama alisema na jambo jingine. Nalikumbuka neno kwa neno kwa sababu nimelirudia kichwani mara nyingi: "Dokta, anakunywa maji kama ng'ombe, na akikojoa sisimizi wanajaa."

Sikuliandika. Nilidhani ni maneno tu ya mama aliyechoka. Mwenye homa si hunywa maji?

Damu ilikwenda maabara, ikarudi na wadudu wa malaria, wachache. Kwangu hapo swali lilikuwa limejibiwa. Mtoto anatapika, amelegea, ana wadudu: malaria kali. Wakati ule dawa yake ilikuwa kwinini ya dripu, na kwinini tulikuwa tunaichanganya kwenye maji ya sukari, kwa sababu dawa hiyo hushusha sukari mwilini. Nikaandika, ikatundikwa. Nikaenda kwa mgonjwa mwingine nikiwa na amani kabisa.

Saa sita usiku mtoto alikuwa anapumua kwa kina na kwa nguvu, kama mtu aliyekimbizwa, na akiitwa haitiki. Nikafikiria nimonia. Nikaongeza dawa ya nimonia. Yaani badala ya kurudi kulisoma swali upya, nililibandikia jibu la pili juu ya la kwanza.

Aliyeokoa usiku ule ni muuguzi mtu mzima aliyeingia zamu. Aliinama kumfunika mtoto, akanusa pumzi yake, akasimama. Akamgeukia mama, si mimi. "Mama, huyu mtoto alishaacha kukojoa kitandani?" Mama akasema, "Aliacha zamani, sista. Lakini ameanza tena, wiki ya tatu sasa." Muuguzi akaniangalia na kuniambia kwa heshima zote, "Dokta, tumepima sukari?"

Hatukuwa tumepima. Mashine haikutoa namba. Iliandika HI, yaani sukari imepita kiwango ambacho inaweza kusoma. Na dripu yangu ilikuwa inaendelea kumuongezea.

Tulibadilisha maji, tukaanza kutafuta insulini. Ilikuwa stoo, stoo imefungwa, mwenye ufunguo yuko nyumbani. Ilipatikana karibu saa kumi alfajiri. Yule binti alipona. Siku ya nne alikuwa anaomba ugali. Miezi michache baadaye, mahali pengine, nilimpokea mvulana mwenye hadithi hiyohiyo aliyekuwa ameshazungushwa vituo viwili akitibiwa malaria na minyoo. Sukari nilimpima mlangoni, lakini alikuwa ameshachelewa. Huyo hakupona.

Turudi kwenye dalili za yule binti, tuzisome kama swali la ligi. Homa: malaria inaeleza. Kutapika na kulegea: inaeleza. Kukojoa sana mpaka kitandani kwa wiki tatu: haielezi. Kiu ya wiki tatu: haielezi. Kukonda mpaka sketi ya shule imelegea, jambo ambalo mama alilisema tulipomuuliza: malaria ya siku tatu haikondeshi hivyo. Sisimizi kwenye mkojo: hapo ni sukari tu. Waganga wa India ya kale waliliona hilo kabla maabara hazijakuwepo, kwamba kuna wagonjwa ambao mkojo wao unaita sisimizi. Mama alikuwa ameshanipa jibu mlangoni.

Na wadudu walioonekana? Walikuwepo kweli. Sehemu zenye malaria nyingi mtoto anaweza kuwa na wadudu wachache kwenye damu na akawa anaumwa kitu kingine, au vyote viwili kwa pamoja. Kipimo hakikudanganya. Mimi ndiye niliyekipa kazi ya kueleza mambo yote.

Nikuambie kwa kifupi kinachotokea mwilini. Kwenye kisukari cha aina ya kwanza, kinga ya mwili inashambulia vile visiwa vya kongosho mpaka insulini inakwisha. Bila insulini, sukari iko tele kwenye damu lakini haiingii kwenye chembe za mwili. Ni kama malori yaliyojaa mahindi yamesimama foleni Tunduma na ng'ambo hakuna unga. Figo zinajaribu kuitoa sukari kwa mkojo, mkojo unavuta maji, mtoto anakauka, ndiyo ile kiu. Mwili ukikosa sukari ya kutumia unayeyusha mafuta na misuli, ndiyo kule kukonda, na mafuta yakiyeyushwa kwa wingi hutoa asidi iitwayo ketoni. Asidi ikizidi mtoto anatapika, tumbo linauma, anapumua kwa kina kwa sababu mwili unajaribu kuitoa kwa pumzi, na pumzi hiyo wakati mwingine inanuka kama matunda yaliyoiva kupita kiasi. Kutoka hapo hadi kupoteza fahamu ni saa, si wiki.

Sikutishi. Watoto wengi wenye homa hawana kisukari, na kipimo cha haraka cha malaria kikisema ndiyo, mpe mtoto dawa mseto na amalize dozi. Lakini kumbuka zile pointi tatu za ligi. Kwenye mchezo huulizi tu lipi litakosewa, unauliza lipi likikosewa litagharimu zaidi. Hospitalini ni hivyohivyo. Tukikosea mafua ukayaita mzio, hakuna atakayezikwa. Tukiikosa sukari ya mtoto kwa siku mbili, anaweza kuzikwa. Kwa hiyo hata kama haielekei sana, inapimwa kwanza, kwa tone moja la damu na sekunde chache. Kwa mtoto mwenye kiu, mkojo mwingi na kukonda, sukari ikifika 11.1 au zaidi kwenye mashine zetu, hata kama hajafunga kula, hicho ni kisukari na anapaswa kupelekwa hospitali siku hiyohiyo. Usisubiri kesho asubuhi kwa sababu ana nafuu.

Kuna jambo ambalo wazazi hufanya kwa mapenzi na linaniumiza. Mtoto amelegea, anapelekewa unga wa glukosi au soda "apate nguvu". Kama ana kiu na mkojo wa namna niliyoeleza, mpe maji safi, achana na soda na glukosi, na uondoke kwenda kupima. Wala usimnyime maji ili asikojoe kitandani. Mtoto mkubwa aliyekuwa ameacha kukojoa kitandani akianza tena, fimbo haitasaidia. Mpime.

Je, utasemaje mbele ya daktari mwenye haraka, nje kuna foleni ya watu arobaini? Mimi ndiye huyo daktari, kwa hiyo nakupa siri ya nyumbani. Usianze na jina la ugonjwa. Ukiniambia "ana malaria na taifodi", umenijibia swali kabla sijalisoma, na nikiwa nimechoka nitaandika ulichosema. Anza na siku. Lini mara ya mwisho alikuwa mzima kabisa? Kitu gani kilianza kwanza, kikafuata kipi? Kama kiu ilianza wiki tatu zilizopita na homa juzi, sema kwa mpangilio huo, maana homa ya juzi ndiyo inayopiga kelele na kiu ya zamani imekaa kimya nyuma. Halafu sema kile unachokiona wewe peke yako nyumbani, hata kama kinachekesha. Sisimizi walikuwa wanachekesha.

Ukishapewa jibu, na kuna dalili moja moyoni mwako haijaguswa, uliza. Huna haja ya kugomba. Sema tu, "Ahsante, dokta. Na hii kiu nayo ni malaria?" Swali hilo halimvunjii mtu heshima, linamrudisha kwenye karatasi. Ningeulizwa hivyo usiku ule, nadhani ningesimama. Baadhi ya wenzangu watakunja uso, najua. Uliza hivyohivyo, na kama umejibiwa kwa ukali, uliza tena kwa muuguzi.

Na ile sheria ya kutochungulia iache kwenye ligi. Kwenye matibabu kuchungulia si wizi. Kipimo ni kuchungulia, kumpigia simu daktari mwenzako ni kuchungulia, kufungua mwongozo wa matibabu mbele ya mgonjwa ni kuchungulia, na daktari anayefanya hivyo mbele yako usimdharau. Huwa nawaona wagonjwa wakitazamana nikifungua kitabu, kama vile nimefeli. Kwa kweli hapo ndipo mko salama zaidi.

Mama mmoja wa hapahapa Mpemba, anayeuza viazi barabarani kwa madereva wa malori, alikuja mwezi Mei na kijana wa miaka kumi na miwili. Alikuwa amempima malaria duka la dawa, hakuna. Akamnunulia dawa ya mkojo mchafu, haikusaidia. Alikaa kwenye kiti akasema, "Shikamoo dokta. Sijui anaumwa nini. Najua ndoo ya maji ilikuwa inatutosha siku mbili, sasa haimalizi siku, na mtumiaji ni huyu." Sukari ilikuwa 24. Alikuwa bado anatembea na miguu yake. Tulimpeleka hospitali jioni ileile, na wiki iliyofuata alikuwa darasani.

Aliponirudia alikuwa na maswali, naona niyajibu hapa kwa kuwa yanaulizwa na wengi. Hapana, hakuupata kwa kula pipi. Hapana, hauambukizi, wadogo zake wanaweza kulala naye kitanda kimoja. Hakuna aliyemroga. Ndiyo, ni sindano za kila siku kwa maisha yote, maana kongosho halitarudisha visiwa vyake, na hakuna mizizi wala maombi yanayochukua nafasi ya insulini. Ombeni, lakini sindano iendelee. Siku mtoto akiumwa na kukosa hamu ya kula ndiyo siku ambayo hamtakiwi kuikatiza bila kuongea na kliniki. Na mwalimu wa darasa ajue, ili mtoto akitetemeka na kutoka jasho kwa sukari kushuka, apewe kitu kitamu papo hapo. Hapo sasa soda ina kazi yake.

Swali lake la mwisho lilikuwa la friji, kwa kuwa hana. Chupa ambayo haijafunguliwa ikae kwenye friji, kwa jirani au kituoni. Ile inayotumika inaweza kukaa nje wiki nne hivi, mradi iwe mahali pa baridi, mbali na jua na jiko. Chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga unaomwagiwa maji asubuhi na jioni, juu kitambaa kibichi, kinafanya kazi vizuri, na baridi yetu ya Juni inasaidia. Kwa wenye friji, isikae kule juu kwenye barafu. Insulini ikishaganda, hata ikiyeyuka na kuonekana nzuri, imeharibika, itupeni.